Hakuna Aliyekufa

Nikitoka nyumba ya walimu saa kumi na moja na nusu
ukungu umelala barabarani kama ng'ombe aliyegoma.
Nafunga viatu vya mtumba, vya mnada wa Makambako,
kimoja kwa kamba yake, kingine kwa uzi wa katani,
na mbwa wa Mzee Chavala ananitazama
kwa dharau ya kiumbe anayekimbia kwa sababu.

Kwetu Mufindi mtu mzima hakimbii.
Akikimbia, kuna moto msituni,
au ng'ombe kaingia kwenye viazi vya watu,
au kuna aliyekata roho.
Mwaka ule wa kwanza kila mlango ulifunguka:
"Mwalimu, nani?"
Nami, nikihema: "Hakuna. Nakimbia tu."
Hiyo "tu" iliwakera kuliko msiba.

Njia ya chai ni ya siku goti likiuma.
Inakizunguka kilima bila kukipanda,
kijani huku, kijani kule,
na wachumaji, vikapu mgongoni,
wananiuliza nimeshafikisha kilo ngapi.

Njia ya mbao haina huruma.
Inashuka hadi kijitoni, kwenye milanzi,
ambako Kihongosi anakagua mbeta zake
na kunikaribisha ulanzi mtamu wa usiku
(nimekubali mara mbili,
na mara zote mbili kilima kilirefuka),
kisha inapanda katikati ya misindano
iliyopangwa kama mwandiko wa mtoto mwenye hofu.
Udongo mwekundu unang'ang'ania soli
mpaka kila mguu unabeba shamba lake.
Juni kuna sakitu, nyasi zinavunjika chini ya kisigino.
Januari kuna utelezi,
na mteremko ule nimeshawahi kuushuka kwa makalio
mbele ya darasa la tano zima.

Lakini ninayoirudia ni ya Nyamahato.
Hiyo niliijua kabla sijajua kukimbia kwa hiari.
Nilikuwa na miaka kumi. Gogo lilibiringika kiwandani
likamkuta baba kageuka.
Mama hakuanza kwa kulia. Alinishika bega:
"Kimbia kwa Semkonda. Mwambie."
Hakusema nimwambie nini.

Nikapanda. Kule juu,
penye mkaratusi uliopigwa radi,
nikasimama.
Nyuma yangu, bondeni, baba alikuwa amekufa.
Mbele yangu moshi wa jikoni kwa shangazi,
kuku, nguo juu ya ua,
na huko baba alikuwa bado mzima,
alikuwa bado anadaiwa debe la mahindi,
alikuwa anakuja Jumapili.
Nilisimama. Sijui kwa muda gani.
Nilimwongezea maisha kwa kadiri ya pumzi zangu,
kisha nikateremka
nikammalizia.

Leo nina arobaini na miwili.
Mkaratusi umeshakuwa mkaa wa mtu;
kisiki kimechipua vijana wanne, wote warefu kunizidi.
Sisimami. Nateremka.
Semkonda haoni vizuri siku hizi, lakini miguu anaijua.
Yuko mlangoni, kiganja mdomoni,
kama siku ile,
kila mara, miaka sita sasa, kama siku ile,
mpaka nipaze sauti kutoka kwenye miparachichi:
"Kamwene, shangazi! Hakuna aliyekufa!"
Mkono unashuka.
"Kamwene. Sasa si ungetembea?"

Ananipa nusu ya kiazi cha moto.
Nusu nyingine kuku wameshaidai.
Nakila nikirudi, nikiunguza vidole,
nikiwaza habari za kusahihisha madaftari,
mara ng'ambo kengele ya shule inalia,
na naanza kuteremka kwa kasi, kiazi mkononi, nimechelewa,
na mbwa wa Chavala, akiniona hivyo,
anainuka,
anafuata.